Kirangozi na Nyapara: Mirambo, Nyungu ya Mawe na Maana ya Uongozi katika Njia ya Misafara

Katika mji wa Tabora iko kata iitwayo Chemchem. Jina hilo si la ajabu, kwa kuwa chemchem za maji hupatikana mahali pengi. Lakini katika nchi iliyopitiwa na misafara kwa miaka mingi, jina la maji lina uzito wake. Mtu aliyetoka Bagamoyo na mamia ya wapagazi alikuwa na mambo mawili ya kuyafikiri kila siku. La kwanza ni mwisho wa safari, ambao haukubadilika. La pili ni maji ya leo, ambayo huenda yamekwisha kauka. Jambo la kwanza lilitaka matayarisho ya miezi mingi, na la pili lilitaka mtu aliye tayari kugeuza shauri lake asubuhi ile ile. Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi Wanyamwezi walivyoyapatanisha mambo hayo mawili katika desturi ya safari, na jinsi yalivyogawanyika katika utawala wa watu wawili mashuhuri wa magharibi ya Tanzania, yaani Mirambo wa Urambo na Nyungu ya Mawe wa Ukimbu.

Yafaa kuanza na lugha, kwa sababu lugha imehifadhi habari ambazo vitabu vya historia aghalabu huzipita. Neno kiongozi, ambalo leo latumika kwa kila mwenye madaraka, toka balozi wa nyumba kumi hata Rais wa nchi, lilikuwa na kazi maalumu katika karne ya 19. Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, aliliandika kirangozi, na wasafiri waliomfuata waliliandika vivyo hivyo. Sauti ya r katikati ya neno yatukumbusha kwamba lugha nyingi za bara zimehifadhi l au r mahali ambapo Kiswahili cha pwani kimeiacha. Maana yake ilikuwa mtu atanguliaye msafara, anayeijua njia na kuionyesha. Hakuwa mwenye mali wala mwenye bunduki nyingi. Alikuwa macho ya watu walio nyuma yake.

Neno la pili ni nyapara. Asili yake ni nyamphala ya Kinyamwezi, yaani mzee, na hasa mmojawapo wa wazee wanaokaa barazani pa mtemi na kumpa shauri. Katika msafara neno hilo likawa jina la msimamizi wa wapagazi: yeye aliyehesabu mizigo, akagawa posho, akajua nani mgonjwa na nani ametoroka, na kuamua magomvi ya kambini. Neno hili limo katika maisha ya Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, na ambayo W. H. Whiteley aliyatafsiri kwa ajili ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki. Asomaye habari za safari zile ataona kwamba msafara usio na kirangozi mzuri ulipotea njia, na usio na wanyapara wazuri ulivunjika ungali njiani.

Kazi hizi mbili zilitengwa kwa makusudi. Burton aeleza kwamba kirangozi alikwenda mbele amevaa mavazi ya fahari na manyoya, ameinua bendera nyekundu, na ngoma ikimfuata, wala haikuruhusiwa mpagazi yeyote kumtangulia. Aliyethubutu kufanya hivyo alichomolewa mshale katika podo lake, na mwisho wa safari ya siku ile mshale huo ulikuwa ushahidi wa kumtoza faini. Sheria hiyo yaonekana kama mchezo, lakini maana yake ni kubwa. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kubadili njia. Kama kila mtu angeifuata akili yake palipo na njia panda, pasingekuwa na msafara. Nyuma yake mambo yote yalikwenda kwa kipimo. Mzigo wa pembe au wa nguo ulikuwa karibu frasila mbili. Posho ilikuwa na kiasi chake. Hongo ya kila mtawala wa njiani ilijadiliwa na kulipwa kabla ya kuendelea. Na wakati mzuri wa kusafiri ulikuwa kiangazi, ili mpagazi arudi kwake kulima mvua zitakapoanza. Kwa taratibu hizo Burton alitumia siku 134 kutoka pwani hata Kazeh, na Henry Stanley, mwaka 1871, alitumia siku 84. Tofauti hiyo yaonyesha kwamba njia haikuwa na ratiba. Iliyokuwa na ratiba ni kambi.

Sasa yatupasa kutoka msafarani na kuingia katika utawala. Mtemi, kama jina lake lilivyo, ni mwenye kutema: wengine husema kutema pori na kuanzisha nchi, wengine husema kukata maneno ya watu wanaogombana. Utemi wa zamani ulikuwa mdogo, na nguvu zake zilikuwa za ibada, za mvua na za mashauri ya wazee. Biashara ya pembe na ya watumwa ilipokuja, utemi ulikutana na mambo ambayo haukutayarishwa kwa ajili yake. Unyanyembe ni mfano ulio wazi. Mtemi Fundikira alikaa na wafanya biashara Waarabu kwa amani. Baada ya kufa kwake, Mnywa Sele alitaka kuwatoza kodi. Wao wakamfukuza, wakamweka Mkasiwa mahali pake, na baada ya vita vya miaka kadhaa Mnywa Sele aliuawa mwaka 1865. Fundisho lililobaki kwa vijana wa koo za kitemi lilikuwa hili: asiyeitawala njia atatawaliwa na wapitao juu yake.

Miongoni mwa vijana walioelewa hivyo alikuwa Mtyela, mwana wa mtemi Kasanda wa Uyowa, aliyezaliwa yapata mwaka 1840. Husimuliwa kwamba katika ujana wake alipata kuishi mikononi mwa Wangoni na kujifunza mbinu zao za vita. Jina lake la kivita, Mirambo, hufasiriwa kuwa maiti. Aliurithi utemi mdogo usioweza kumtisha mtu, akauunganisha na Ulyankulu, na kwa msaada wa rugaruga, vijana wa vita wasiofungwa na kijiji wala ukoo, akajenga Urambo. Azimio lake halikubadilika mpaka kufa: njia ya kwenda Ujiji na njia ya kwenda Karagwe na Buganda ziwe chini ya Mnyamwezi, na wafanya biashara wapite kwa idhini yake. Mbinu zake, kinyume cha azimio hilo, zilibadilika kila mwaka.

Mwaka 1871 ndio uliomjulisha kwa ulimwengu. Waarabu wa Tabora, pamoja na Stanley na watu wake, waliondoka kumpiga. Sehemu moja ya jeshi iliuteka mji wake, Mirambo hakuung'ang'ania. Alijificha na watu wake katika majani marefu kando ya njia, akawangoja washindi warudi wakiwa wamelemewa na pembe na mateka, akawapiga na kuwaua wengi. Katika mwezi wa Agosti aliingia Tabora yenyewe na kuchoma sehemu yake, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu, akauawa siku hiyo. Stanley alilazimika kuzunguka kwa njia ya kusini ili afike Ujiji na kumkuta Livingstone; naye Livingstone alikaa Kwihara akingoja wapagazi wapya mpaka Agosti 1872. Askari waliopelekwa na Sultani Barghash kutoka Unguja hawakuweza kumshinda Mirambo.

Mtu wa vita tu angaliendelea na vita. Mirambo aliona kwamba njia iliyofungwa haileti faida hata kwa aliyeifunga, akafanya amani na Waarabu katikati ya miaka ya 1870. Mwezi wa Aprili 1876 alikutana na Stanley yule yule aliyempiga miaka mitano nyuma, wakachanjiana udugu. Stanley, ambaye alikwisha mfananisha na Napoleon Bonaparte, alishangaa kumwona mtu mpole asemaye kwa sauti ya chini. Kisha Mirambo alituma wajumbe kwa Mutesa wa Buganda, akaandikiana na John Kirk, balozi wa Uingereza katika Unguja, na mwaka 1879 akampokea mganga Ebenezer Southon wa Misioni ya London akae Urambo. Haya yote hayakuwa mambo mbalimbali. Yalikuwa jambo moja lililotafutiwa milango mingi: kuifanya Urambo iwe na uzito ambao hapo kwanza ulikuwa wa Tabora. Hapana mtawala mwingine wa bara katika zama zile aliyeona mbali hivyo na kugeuka upesi hivyo bila kuliacha lengo lake.

Hata hivyo, mtu akiuliza ni nani aliyeyafanya mambo hayo, jibu ni lile lile kila mara: Mirambo mwenyewe. Yeye ndiye aliyekuwa kirangozi, na yeye ndiye aliyekuwa nyapara. Watemi walioshindwa na kukubali kutii aliwaacha katika viti vyao. Waliokataa aliwaondoa na kuwaweka ndugu zao. Wajibu wao ulikuwa kuleta watu wa vita na pembe, na kilichowafunga kwake kilikuwa hofu, heshima na matumaini ya mateka. Karibu kila mwaka ilimpasa aende vitani yeye mwenyewe, kwa sababu utii wa nchi ya mbali ulidumu kwa muda ule ambao kumbukumbu ya majeshi yake ilikuwa mpya.

Hatari ya hali hiyo ilionekana mwezi wa Juni 1880. Jeshi la Mirambo na la rafiki yake, Simba wa Usavira, liliushambulia mji mmoja wa Upimbwe, na ndani yake walikuwamo Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliokuwa katika kazi ya Mfalme wa Ubelgiji. Wote wawili waliuawa. Mirambo alijitetea kwamba hakukusudia, na hakuna sababu kubwa ya kumkadhibisha, kwa maana hasara ilikuwa yake. Urafiki wa Kirk, uliotafutwa kwa miaka, ulikatika. Siasa yake ilitaka urafiki wa Wazungu, lakini siasa hiyo ilikuwa moyoni mwake, wala haikufika mikononi mwa rugaruga waliokuwa wakivunja boma. Azimio lisilokuwa na njia ya kuwafikia watendaji ni siri ya mtu mmoja.

Mirambo alikufa tarehe 2 Desemba 1884. Nduguye Mpandashalo alishika mahali pake, lakini watemi wa mbali walianza kujitenga, rugaruga wakatafuta mabwana wengine, na katika muda mfupi Urambo ikarudi kuwa nchi ndogo miongoni mwa nchi nyingine. Wajerumani walipofika hawakuwa na haja ya kuivunja dola ya Mirambo.

Katika mwezi huo huo wa Desemba 1884 alikufa mtawala mwingine, ambaye jina lake halisikiki sana nje ya Ukimbu. Nyungu ya Mawe alikuwa wa ukoo wa watemi wa Unyanyembe, akaiacha nchi yake baada ya vita vya urithi. Jina lake ni rahisi kueleweka na msemaji wa Kiswahili: nyungu ni chungu, na chungu cha mawe hakivunjiki. Yapata mwaka 1875 aliishika Kiwele, na katika miaka michache iliyofuata alizitiisha nchi nyingi ndogo ndogo za Wakimbu, kusini na kusini mashariki ya Tabora, pamoja na sehemu ya Mgunda Mkali, lile pori lenye kiu lililoogopwa na kila msafara utokao Ugogo. Yeye pia alikuwa na rugaruga, na ukali wake haukuwa mdogo kuliko wa Mirambo. Haifai mtu adhani kwamba huyu alikuwa mpole na yule mkatili. Wote wawili walikuwa watu wa zama za pembe na mateka, na vijiji vingi viliteketea kwa ajili yao.

Tofauti yao ilikuwa katika jambo lililofuata ushindi. Masimulizi ya Wakimbu, yaliyokusanywa na Aylward Shorter katika miaka ya 1960, yaeleza kwamba Nyungu hakuwaondoa watemi wa Kikimbu katika kazi yao ya ibada. Aliwaacha watambike na kuomba mvua kama zamani. Lakini juu yao aliweka watu wake mwenyewe, vatwale, kila mmoja akisimamia mkusanyiko wa nchi kadhaa na kujibu moja kwa moja Kiwele. Mtwale hakuwa mtu wa ukoo wa nchi ile, kwa hiyo hakuwa na kiti cha kujitengea. Nguvu zake zilitoka kwa aliyemtuma. Kazi yake ilijulikana: kukusanya pembe na kuzipeleka Kiwele, kulinda njia na kuamua mashauri makubwa. Mtemi alibaki na ardhi na mizimu, mtwale akawa na pembe na bunduki, na mwananchi alijua aende kwa nani kwa jambo gani.

Kwa maneno ya msafara, Nyungu alikuwa na wanyapara. Ndiyo maana alipokufa, kiti chake kilirithiwa na binti yake, Mgalula, wala dola haikuanguka. Vatwale waliendelea kuleta pembe Kiwele kwa mwanamke ambaye hakuwa ameziteka nchi zao kwa mkuki. Walikuwa wakikitii kiti, na aliyekaa juu yake alikuwa mrithi wa kiti. Wajerumani walipofika katikati ya miaka ya 1890 waliikuta dola hiyo ingali na umbo lake, miaka kumi baada ya mwenye kuiunda kuzikwa.

Lakini itakuwa kosa kumaliza hukumu hapo na kumpa Nyungu taji. Taratibu zake zilijengwa juu ya pembe, na ndovu hawakuwa wa milele. Hakutafuta, kama Mirambo alivyotafuta, kujua mambo yaliyokuwa yakitayarishwa pwani na Ulaya. Hakuna barua zake kwa Kirk, wala wajumbe wake kwa Mutesa. Dola yake ilikuwa kama msafara uliopangwa vizuri sana, kila mzigo mahali pake, lakini hapana mtu wa kuuliza kama chemchem iliyo mbele ingali na maji. Fauka ya hayo, ni haki kukumbuka kwamba hali zao hazikuwa sawa. Mirambo alikaa katikati ya Waarabu, Wangoni na watemi wenye nguvu, na mtu aliyezungukwa na maadui kila upande hapati nafasi ya kupanga mabaraza. Nyungu aliteka pori lenye watu wachache na nchi ndogo zisizoweza kusaidiana. Huenda kila mmoja alifanya lile ambalo mahali pake palimruhusu kulifanya. Ambalo hapana aliyelifanya ni kuyaweka yote mawili katika dola moja, ijapokuwa wapagazi wao waliyaweka katika msafara mmoja kila kiangazi.

Mji wa Tabora uliliona jambo hilo likitendeka baadaye, kwa namna nyingine. Mwezi wa Januari 1958 chama cha TANU kilifanya humo mkutano wake mkuu wa mwaka. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka masharti ya kura tatu: kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na haki ya kupiga kura ilitegemea kipato, elimu au cheo. Wajumbe wengi waliona kwamba kushiriki ni kuukubali ubaguzi. Julius Nyerere, ambaye aliijua Tabora tangu alipoingia shuleni hapo mwaka 1937, aliushawishi mkutano ukubali kushiriki, ili chama kisiwaachie wapinzani Baraza la kutunga sheria. Uamuzi huo umeitwa uamuzi wa busara, na haukupatikana bure: Zuberi Mtemvu alitoka chamani na kuanzisha chama chake. Lakini njia ilibadilika bila lengo kubadilika, na waliokuwa nyuma waliweza kuifuata njia mpya kwa sababu palikuwa na matawi, makatibu, kadi na ada, yaani palikuwa na wanyapara. Wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda katika uchaguzi wa Septemba 1958 na wa Februari 1959, na tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru.

Yabaki kurudi kwenye maneno yale mawili, kwa sababu historia yao baada ya misafara si sawa. Neno kiongozi limepanda cheo. Neno nyapara limeshuka. Katika mashamba ya mkonge, katika ujenzi wa barabara na reli, wakoloni walilitumia kwa msimamizi mwenye fimbo, na magerezani likawa jina la mfungwa anayewasimamia wafungwa wenziwe. Leo mtu akimwita mwenziwe nyapara, humtukana. Mzee wa baraza la mtemi, mwenye kuijua hesabu ya mizigo na majina ya wagonjwa, amesahauliwa ndani ya neno lake mwenyewe.

Usahaulifu huo si wa lugha peke yake. Mtaa wa Dar es Salaam na kambi ya jeshi ya Tabora vina jina la Mirambo, naye hakika anastahili. Nyungu ya Mawe hutajwa na wachache, na vatwale wake hawatajwi na mtu ila katika vitabu vya wataalamu. Jamii ikimsifu atanguliaye na bendera, ikamdharau ahesabuye mizigo, haishangazi kama kazi njema nyingi hufa pamoja na walioanzisha. Wanyamwezi wa zamani walimtoza faini mpagazi aliyemtangulia kirangozi. Lakini jioni, walipofika kambini, aliyegawa posho alikuwa mtu mwingine.